Msumari wa Katikati

Jumatatu, 8 Juni

Zimebaki siku sita. Mama kamaliza kupaka rangi sebule yake kule Magu. Kanipigia simu kunieleza kwamba picha zote kazishusha, ziko chini ya kitanda, na ukutani imebaki misumari mitupu. Jumapili, baada ya misa ya shukrani, atazitundika upya. Msumari wa katikati, ule wa juu ya redio, atapewa atakayeleta picha ambayo wajukuu wote wametazama mbele na macho yamefunguka. Hilo tu. Hataki makubwa.

Miaka mitano msumari huo umekaliwa na kaka yangu Revocatus. Yeye, mke, watoto wawili, tai tatu. Picha yetu sisi ilikuwa nyuma ya mlango. Mlango wa Mama hufunguliwa alfajiri na hufungwa akienda kulala. Maana yake mimi huonekana Mama akiwa ameshavua miwani.

Nakubali, ile picha haikuwa nzuri. Doto kafumba macho. Kulwa anamshangaa Doto kwa nini kafumba macho. Shija analia. Mimi naonekana kisogo, maana niligeuka kumgombeza Shija. Sabina mke wangu ndiye pekee aliyetoka vizuri, na hunikumbusha.

Safari hii nimejipanga. Mpiga picha ni Nurudin, anakuja Jumamosi saa nne asubuhi. Hapahapa nyumbani Kisesa, siyo studio. Mtoto akiwa kwao habahatishi. Nimemweleza Sabina mpango wote. Kaniuliza kama huu nao ni kama ule wa kufuga sungura. Sungura ni habari nyingine.

Jumanne, 9 Juni

Mazoezi! Shule zimefungwa, hakuna kisingizio. Nimeleta benchi la dukani (nauza vipuri vya baiskeli, benchi ni la wateja, wateja watasimama). Pacha, Kulwa na Doto, miaka saba. Katikati yao Shija, miaka minne. Kamera ni kopo tupu la grisi.

Nikasema nikihesabu moja, mbili, tatu, macho yote mbele. Kulwa akauliza mbele ni wapi. Doto akacheka. Doto hana meno mawili ya juu, akicheka mdomo unakuwa kama banda la kuku lililoachwa wazi. Hapohapo nikapiga marufuku kucheka. Hata kutabasamu. Nataka nyuso za heshima, kama wazee wa kanisa. Atakayekaa kimya mpaka nifike mia anapata kipande cha muwa.

Mpaka jioni tumefika arobaini. Shija anafumba macho kila nikitamka tatu. Nimeamua nisitamke tatu. Nitaishia mbili.

Sabina kasema watoto wamepoa mpaka anaogopa. Nikamwambia hayo ndiyo malezi.

Jumatano, 10 Juni

Pigo. Revocatus kaweka picha kwenye simu, dunia nzima ione. Familia yake kwenye mawe pale ziwani, nyeupe juu mpaka chini, pekupeku, kama malaika waliokuja kununua sangara. Wote wametazama mbele. Hata korongo aliyesimama nyuma yao katazama mbele! Nimeiangalia mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano nilikuwa natafuta kasoro. Haipo.

Nikaenda sokoni mjini kutafuta sare. Nyeupe haiwezekani. Watoto wangu na nyeupe hawajawahi kukaa pamoja saa nzima, na mimi mwenyewe nina grisi mpaka kwenye kitambulisho. Ndipo akili ikafanya kazi. Nyeusi! Nyeusi haionyeshi grisi, haionyeshi uji, haionyeshi kitu. Nikachagua kitenge cheusi chenye vidoa vidogo vyeupe, cha familia nzima.

Muuzaji, mama mtu mzima, alipima kimyakimya. Akanikatia nusu mita ya ziada bila kuombwa. Akanishika bega. Watu wa mjini wanasemwa vibaya, lakini utu bado upo.

Sabina atashona mwenyewe. Kauliza kwa nini nyeusi. Nikamwambia atanishukuru Jumapili.

Revocatus kapiga jioni. Sikupokea. Anataka niseme nimeiona.

Alhamisi, 11 Juni

Leo ilikuwa siku ya nywele. Kinyozi wa nini, wakati mashine ninayo tangu mwezi uliopita? Nikaanza na Doto. Upande wa kulia ukatoka safi kabisa. Fundi wa kweli!

Umeme ukakatika.

Tukangoja saa moja. Tukangoja ya pili. Doto kakaa na nusu kichwa, kashika kioo, anajigeuza upande huu na upande ule, anafurahi kwamba sasa ni watu wawili. Sabina akatoka ndani, akamtazama, akanitazama, akarudi ndani bila neno. Afadhali angegomba.

Saa kumi nikachukua wembe. Doto akawa upara mtupu.

Hapo ndipo penyewe. Doto na Kulwa ni pacha, na kwa Mama alichofanyiwa Kulwa afanyiwe Doto, alichofanyiwa Doto afanyiwe Kulwa. Yai kwa yai, shati kwa shati. Kulwa alipougua malaria, Mama alimwomba muuguzi amchome na Doto, hata kwa maji tu. Nikimpelekea picha ya pacha mmoja ana nywele na mwenzake hana, msumari hatautazama tena, atauliza nina kisa gani na mtoto. Nikamnyoa Kulwa. Shija akajitupa chini, analia kwamba na yeye ni pacha. Nikamnyoa Shija.

Nikawapanga, nikasogea nyuma, nikaangalia. Kasoro ilikuwa moja. Ilionekana kama ajali. Nikafikiri. Baba naye akinyoa, inakuwa mtindo wa familia! Nikajinyoa. Umeme ulirudi nikiwa namalizia nyuma ya sikio.

Sabina kasema yeye hanyoi. Hakuna aliyemwomba.

Ijumaa, 12 Juni

Nurudin kapiga simu kasema jua la saa nne linakunja nyuso, nitafute kivuli. Nikaenda kwa jirani yangu Bilali. Ni mjumbe wetu, na turubai la mtaa linakaa kwake.

Bilali alinitazama kichwa. Hakuuliza kitu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole sana, Yakobo." Nikajua na yeye kaiona picha ya Revocatus. Nikashukuru. Turubai akalibeba mwenyewe, na nguzo, akakataa nisimsaidie. Halafu akaleta viti vya plastiki, vingi mno. Nikamwambia vinne vinatosha. Akasema hapana, watu watakuja. Nikafurahi. Waje! Waone familia inavyopigwa picha.

Kochi kubwa nilitaka liwe nje chini ya turubai, Mama aone tuna kochi. Lakini halipiti mlangoni mpaka madogo yatoke, na madogo hayatoki mpaka meza itoke. Sebule nzima iko uani. Sabina kafumua nywele kumngoja msusi, msusi katuma ujumbe hawezi kuja. Kajifunga kanga kichwani na nyingine kiunoni, anashona kwa hasira. Kasema anaonekana kama mtu aliyefiwa. Nikamwambia asizidishe.

Jioni mazoezi ya mwisho. Watoto kwenye benchi, vipara vitatu, kimya, macho mbele. Tumefika tisini na moja! Sihaba, mke wa Bilali, alikuwa anachungulia juu ya ukuta. Akaziba mdomo kwa mkono, akaondoka haraka. Wivu. Wa kwake hawatulii hata kwa kufungwa kamba.

Revocatus kapiga mara saba. Saba! Sikupokea hata moja. Aungue.

Jumamosi, 13 Juni

Saa mbili asubuhi. Sufuria kubwa iko kwenye mafiga, nje, maji ya kuwaogesha. Wameoga. Wamepakwa mafuta. Wamevaa nyeusi. Wako kwenye benchi chini ya turubai na vichwa vinang'aa. Nimekaribia kutoa chozi. Msumari ni wangu.

Saa mbili na robo. USALITI! Gari la Revocatus limepita sasa hivi barabarani, linaelekea Magu. Limepunguza mwendo mbele ya geti letu, kisha likaondoka kwa kasi. Nimeelewa kila kitu. Anapeleka picha yake siku moja kabla! Kaka wa tumbo moja! Nimempigia Mama kumwambia asitundike kitu chochote. Simu inaita, haipokelewi.

Saa tatu na nusu. Watu wanaingia. Nilitegemea wachache. Wanawake wamejifunga kanga, Sihaba mbele, wamebeba mchele, unga, kuni. Ngosha muuza mbuzi kaja na mbuzi. Wanaume wamekaa chini ya turubai, hawasemi. Mtu kaingia ndani kazima redio yangu. Kila mmoja ananishika mkono, hakuna anayenitazama usoni. Sihaba kawaona watoto pale kwenye benchi, kaangua kilio.

Nimemuuliza Bilali kuna nini. Kasema, "Jikaze, ndugu yangu. Watoto wanakutazama wewe."

Nimemuuliza ni nani. Katazama chini.

Wanajua kitu na hawataki kuniambia. Simu ya Mama bado inaita tu. Revocatus alipita mbio kwenda Magu. Jana alipiga mara saba.

Mama.

Siwezi kuandika.

Jioni. Watu wote wako hai. Naanza na hilo, mengine yatafuata.

Nilikaa chini, kwenye vumbi, na kitenge kipya. Nililia kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Wiki nzima nimewaza msumari, na siku niliyoambiwa habari ya msumari sikumuuliza Mama hata kama miguu bado inamuuma. Hilo ndilo lililokuwa linanichoma. Sabina akatoka ndani, akaniona, na yeye akaanza kulia bila kujua analia nini. Wanawake wakapokea. Watoto peke yao hawakulia. Niliwafundisha vizuri. Shija akauliza kama tumefika mia.

Ndipo gari likaingia. Revocatus akashuka, macho mekundu, shati limefungwa vifungo kombo. Mlango wa pili akashuka Mama.

Mama! Amevaa kandambili mguu mmoja, mguu wa pili mtupu, pamba zimemng'ang'ania nguoni maana alikuwa anachambua. Hakuitikia shikamoo ya mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi. Akaweka mkono juu ya kichwa cha kwanza, akasema, "Kulwa." Cha pili, "Shija." Cha tatu, "Doto." Akarudia toka mwanzo, polepole. Akamtafuta Sabina kwa macho, akamwona. Akanitafuta mimi, akaniona chini. Akajiachia kwenye benchi katikati ya watoto, akawakumbatia wote watatu, akauliza, "Sasa aliyekufa ni nani?"

Bilali akamtazama Sihaba. Sihaba akanitazama mimi. Mimi nikamwambia Mama kwamba nilidhani ni yeye.

Sihaba ndiye aliyefungua mambo. Akasema wangefikiri nini wao? Baba na watoto wamenyoa kwa wembe, siku moja. Turubai limefungwa. Makochi nje, sufuria kwenye mafiga, mama mwenye nyumba kajifunga kanga kichwani, watoto wamevaa nyeusi wamekaa kimya kama si watoto. Kwa kuwa mfiwa hunyoa akishazika, na mimi nimeshanyoa, wakajua mazishi yamefanyika huko mbali na wao majirani wamepitwa. Wakaona aibu. Na mfiwa haulizwi maswali! Wakachanga chakula, wakaja mbio.

Mengine kayaeleza Revocatus, kaikamata shingo ya nguo yangu mpya. Bilali alimpigia jana kumpa pole. Ndipo naye akanipigia mara saba. Sikupokea, akajua nimeshindwa kusema. Leo asubuhi alipunguza mwendo getini, akaona turubai, miguu ikakataa kukanyaga breki mpaka mwisho. Akaona hawezi kuingia bila Mama. Alipomwambia, Mama akaacha pamba, akaacha simu kwenye chaja, akaacha kandambili moja.

Alipomaliza kusema aliiachia shingo ya nguo akanikumbatia. Hajanikumbatia tangu kipaimara. Alilia kwenye bega langu, zito hilo lijitu. Nilifarijika mno. Naliandika kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Aliyeanza kucheka ni Mama. Alihamia kwenye kochi langu (kaliona!), akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Halafu Sihaba. Halafu mtaa mzima, na Ngosha akacheka mpaka mbuzi akamponyoka. Bilali akauliza chakula kirudishwe vipi. Mama akasema chakula cha watu hakirudishwi, waweke sufuria, shukrani imeanza leo. Nimekula nyama kama mtu aliyefufuka.

Kumbe Nurudin alifika saa nne kamili. Misiba nayo hupiga, ni kazi yake. Aliona hali, akasimama pembeni, akafanya kazi kimyakimya. Kanionyesha kwenye kamera. Mama katikati ya benchi, mikono imewazunguka watoto. Mimi chini miguuni pake, mdomo wazi, machozi. Revocatus kasimama nyuma. Sabina katoka vizuri. Na watoto? Walimwona Nurudin anainua kamera, wakakumbuka muwa. Macho mbele! Yote sita! Wazi!

Jumapili, 14 Juni

Magu. Misa imekwisha, pilau imeliwa. Mama kavaa miwani, kaziweka picha mbili mezani. Ya Revocatus kwenye mawe kaisifu. Kasema wametulia, na korongo wao kanenepa. Ya kwetu kaishika muda mrefu. Kawagusa mmoja mmoja kwa kidole, Kulwa, Shija, Doto, kama jana. Kisha kapanda kwenye kigoda, kaitundika.

Msumari wa katikati!

Revocatus hakubisha. Yeye mwenyewe kanyoosha fremu ilipolala upande. Nyuma ya mlango safari hii kuna kalenda tu.

Nimemuuliza Mama miguu inaendeleaje. Kasema inauma kidogo, hasa ule uliokimbia bila kandambili. Nikatoka nje kidogo. Vumbi la Magu ni kali kwa macho.

Jumapili, 5 Julai

Wiki tatu nimeitazama ile picha kwenye simu. Leo nimeona.

Revocatus! Kasimama nyuma ya Mama, katikati kabisa, mrefu, huzuni imempendeza. Kwa hiyo ukutani yuko mara mbili, kwake na kwangu, na msumari wa katikati bado anaukalia yeye! Mama kasema wageni wote huuliza yule aliyesimama kiungwana ni nani. Anawaambia ni kifungua mimba wake. Halafu huuliza yule anayelia chini ni nani. Anawaambia ndiye mwenye nyumba.

Haiwezekani. Mpango mpya. Keshokutwa ni Saba Saba, Nurudin ana nafasi. Tunapiga upya, sisi watano tu na Mama, kwenye mawe ziwani, na nyeupe. Suala la grisi nimelitatua, watavalishwa hukohuko juu ya jiwe. Bilali kasema turubai hatoi mpaka nibandike karatasi getini kwamba sote ni wazima. Nimebandika. Sabina kaniuliza kama kuna chochote nimejifunza. Nikamwambia ndiyo, nimejifunza kwamba Revocatus asialikwe.

Nywele za watoto zimeota, lakini hazilingani, za Kulwa zimewahi. Zinataka kusawazishwa kidogo tu. Sabina kasema niwapeleke kwa kinyozi. Kinyozi wa nini?

Nimemkalisha Kulwa kwenye kiti. Nimeanza upande wa kulia. Safi kabisa. Fundi wa kweli.

Umeme umekatika.